Spika Haijapasuka

Kariakoo hununui spika bila kuijaribu, na kila aliyemo dukani anageuka mwamuzi. Juzi binti mmoja wa baibui alijaribu yake kwa albamu ya metali, ule muziki wa magitaa mazito. Wimbo wa kwanza ulikimbia kuliko singeli, wa pili ukajikokota kama tunatoka makaburini. Kwenye wa tatu mwimbaji akanguruma, muuzaji akachomoa waya.

"Dada, spika imepasuka!"

"Haijapasuka. Ndivyo anavyoimba."

Mama mmoja aliyekuja kutafuta spika ya kusikilizia taarabu akauliza, "Kwani analalamikia nini?"

"Mkewe kamwacha, mama."

Mama akavuta stuli, akakaa. "Rudisha huo waya, mwanangu. Aliyeachwa ataimbaje mwendo mmoja?"

Mimi nilifuata betri. Nimerudi nyumbani na jina la albamu.