Triko ya Kulimia

Asubuhi ile, kule Mitwaba, mume wangu Banza alivaa triko ya uchaguzi kwenda shambani. Nieleze kidogo kwa wasioijua desturi yetu. Wakati wa kampeni wagombea hugawa triko, yaani fulana, zenye sura zao. Kura zikiisha, triko inabaki nguo ya kazi, ya kulimia na kukandia udongo wa matofali. Jasho linaifuta sura ya mheshimiwa polepole, kuanzia kidevuni.

“Leo mheshimiwa anaenda kulima!” nilimtania.

“Acha alime, Mama Mwadi. Kule ku Kinshasa anakaa tu.”

Mwadi, binti yetu, alikuwa mgongoni mwangu. Alicheka kwa sababu sisi tulicheka.

Mchana nilimpelekea Banza bukari, ugali wetu. Habari za wapiganaji wa msituni tulikuwa tumezizoea. Walisema wakubwa wa mjini wameiuza ardhi yetu. Siku hiyo walikuwa wamefunga kamba njiani, karibu na kijito. Nilipofika, Banza alikuwa amesimama mbele yao.

“Ule ku kifua yako ni nani?”

“Sijue, chef. Ni triko ya kulima.”

“Unabeba sura ya muntu mwenye haumujue?”

Banza aliivua. Akawapa.

Hawakuitaka.

Walimwingiza kichakani. Aligeuka mara moja, akanionyesha njia kwa kidevu: nenda.

Nilisikia risasi.

Nilitembea.

Kwa miaka mingi hapa Lubumbashi, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba siasa ni mbaya tangu tumboni. Sikudanganya, lakini sikusema yote. Katika kambi ya wakimbizi tuliyofikia kwanza, unga ukiletwa, wenye nguvu walichota kabla ya wengine. Basi sisi wanawake tulimchagua Mama Feza, mtu wa Maniema, apime kwa kopo. Alipoanza kuwajazia shemeji zake, tulikutana tena, tukanyoosha mikono, tukamwondoa. Alitutukana sana. Kesho yake alipanga foleni pamoja nasi, amenuna bado, akapata kopo lake kama kila mtu.

Hiyo nayo ilikuwa siasa. Nimeifikiria mara nyingi ninapopalilia mihogo yangu Kasungami, pembezoni mwa mji, na sioni kama imezaliwa mbaya, wala nzuri. Ni watu kuamua pamoja nani apime unga. Ninachouliza ni kimoja tu: aliyeshindwa, na yule aliyevaa nguo ya aliyeshindwa, watafika nyumbani?

Wiki hii Mwadi amekuja na mfuko mkubwa. Anagombea baraza la komuni, kwa sababu ya bomba la maji ambalo mtaa wetu unaahidiwa kila mara. Mfukoni mna triko, na kwenye triko kuna sura yake.

“Mama, vala moja.”

“Sitaki.”

“Unaogopa sura yangu?”

“Sura yako iko muzuri. Naogopa bantu.”

“Mama, njo weye ulinielezea ya Mama Feza. Tukiogopa shi bote, nani atapima bunga?”

Nimemwambia asimame, nami nitampigia kura. Hilo nimelisema kwa moyo wote. Lakini triko nimeomba zikae kwangu kwanza. Zipo chini ya kitanda. Kila asubuhi nazitoa, nazikunja upya, nazirudisha. Majirani wameanza kuja kuziomba, na kila anayebisha hodi namtazama kifua kabla sijamtazama uso.

Banza asingeuliza kama ninavyouliza. Angechukua moja akaenda nayo kulima, sura ya mtoto wake kifuani, mpaka jasho liifute polepole, kuanzia kidevuni.