Modeste na Piano ya Mbarara

Usimwite Modeste mpiga kinanda, atanuna. Yeye ni mpiga piano. Kule Bukavu mapadri walimfundisha tangu ana miaka saba, na kabla vita havijamkimbiza alikuwa ameshapiga matamasha matatu ya muziki wa noti, kavaa tai, watu wakisimama kumshangilia. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kila mtu anaijua habari hiyo, maana mwenyewe hachoki kuisimulia.

Ila kanisani alikuta kinanda cha umeme wa sola, na kwaya inayoanza wimbo juu au chini, popote inapojisikia. Kinanda kina kitufe cha kupandisha au kushusha wimbo mzima ulingane na koo la mwimbaji, bila kuhamisha vidole. Wapigaji wa kambini hugusa vibao vyeupe tu, wakabonyeza kitufe, basi. Mwaka wa kwanza Modeste aliwacheka. Miaka kumi na mmoja iliyofuata alibonyeza kama wao.

Mwaka jana shule moja ya Mbarara ikamwalika apige piano ya kweli, amsindikize Doriane, Mrundi wa kwaya yao mwenye sauti ya kukutoa machozi. Akifanya vizuri, angeajiriwa kufundisha. Walifanya mazoezi mwezi mzima kwenye kinanda, kitufe kimebonyezwa mara tatu juu. Siku yenyewe gari likachelewa. Wakafika ukumbi umejaa, wakapanda jukwaani moja kwa moja.

Modeste akaanza. Wimbo ukatoka chini mno, Doriane akabaki ananguruma.

"Mwalimu, panda kidogo," akanong'ona.

Mkono wa kushoto wa Modeste ukaenda kutafuta kitufe. Ukapapasa mbao tupu, watu mia mbili wanatazama. Akajaribu vile vibao vyeusi alivyovijua tangu utoto, vidole vikagoma. Akaacha katikati ya wimbo. Watu wakampigia makofi ya huruma, na hapo ndipo aibu ilipomvua nguo.

Njiani kurudi, mkewe Marthe akamgeukia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Papa Orpa, ni ile piano yabo ndiyo ilikuwa mubovu, ni vile?"

Angeweza kusema hapana. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili mchungaji, aliyeisikia kwa Marthe, akawainua waumini wote wamwombee ndugu Modeste, aliyeharibiwa kazi na piano mbovu ya watu, na Mungu awasamehe waliompa. Doriane alikuwa safu ya mbele, macho sakafuni. Modeste, uso unawaka, akasema amina.