Tulivyopelekwa Kuona Maua

Juzi miti ya mtaa wa Auderghem, hapa Brussels, ilikuwa imechanua, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kwenye bustani ya kasri la kale, nje ya jiji. Tonton, yaani ami, rafiki wa papa yangu, ndiye aliyetupeleka, mimi na mama. Papa alikuwa amebaki kwetu Bukavu, Kongo.

Nyuki walivuma, majani yaliyokatwa yalinukia, na mama alicheka maua yalipomdondokea kichwani. Kila alipotaka kurudi, tonton alitazama simu yake.

"Bon, maman, tubakie kidogo. Maua iko mingi kule nyuma."

Nilidhani anapenda maua.

Tulipofika nyumbani Ixelles, viatu vilijaa ngazini na maharagwe yalinukia hadi chini.

"Maman, kuko fête kwetu!" nilipiga kelele, nikidhani ni sherehe.

Sebuleni viti vilikuwa vimeondolewa na godoro limetandikwa chini. Mama aliliona godoro, akaanguka kabla mtu yeyote hajasema neno juu ya papa.

Sasa najua kwamba kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Hutolewa nyumbani kwanza, ili watu wakusanyike.

Juzi nilimpigia mama simu pale pale chini ya miti ya Auderghem. "Maman, maua imechanua. Nikupeleke?"

Nikamsikia akivuta kiti, akaketi.

"Sema tu. Ni nani alikufa?"