Silanga Letu Lilipofunguliwa Wakati wa Mvua

Silanga letu lilikuwa shimo kubwa la kukusanyia maji ya mvua. Lilichimbwa kwa mikono kabla sijazaliwa, mwendo wa siku mbili kutoka Balambala, na kila mvua zilipoanza tulilizungushia uzio wa miiba.

Wageni walituona wajinga, kufunga maji yakiwa yamejaa. Lakini wakati wa mvua kila bonde la porini huwa na dimbwi. Ng'ombe walinywa huko mbali kwanza, dimbwi hadi dimbwi, mpaka yote yakauke. Silanga lilikuwa la kiangazi peke yake. Mwenye amri ya kulifungua alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, niliyemwita Adeer kwa Kisomali chetu. Kila baada ya siku kadhaa alimtuma mtu amletee tope la dimbwi la mwisho, limefungwa katika kitambaa. Alilibonyeza kiganjani. Likishikana, tulibaki porini. Likivunjika kama unga, uzio ulifunguliwa na kila boma likapewa siku yake.

Baba alikuwa amekufa, na ng'ombe wetu kumi na wanne walikuwa wangu kuchunga. Nilikuwa kijana aliyesoma hadi darasa la nne. Mbele za watu nilitazama chini.

Vita vya serikali na shifta, waasi wa porini, vilipochacha, serikali ilitukusanya katika kijiji kimoja karibu na silanga, kando ya kambi ya askari. Aliyekutwa porini na mifugo alihesabiwa shifta. Kisha ikaja mvua nzuri kuliko tulizozoea, na mkuu wa kambi akaamuru uzio uondolewe, mifugo yote inywe hapo.

Adeer alinichukua kwa mkuu huyo nimtafsirie. Kwetu mkubwa humwita mtoto wa nduguye kwa neno lilelile analoitwa yeye.

"Adeer," aliniambia, "mwambie maji haya ni ya miezi isiyo na mvua. Atuache tupeleke ng'ombe kwenye madimbwi ya mbali. Askari wake watufuate wakitaka. Mimi nitakaa hapa kambini mpaka ng'ombe warudi. Asipowaona, anifunge."

Maneno ya Kiswahili nilikuwa nayo, yote. Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, akifuta viatu.

"Sema, kijana. Umekatwa ulimi?"

"Mzee anasema maji ni ya kiangazi, afande."

"Kiangazi kiko wapi?" Alinyoosha mkono kwenye silanga, ambako bata wa porini walikuwa wakiogelea. Askari walicheka. "Kuna neno lingine?"

Yalikuwapo mengine. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nikasema, "Hakuna, afande."

"Basi. Toeni miiba."

"Amekataa yote?" Adeer aliuliza.

"Yote," nikamjibu.

Jioni ile miiba ilikuwa kuni za jikoni kambini. Mifugo ya kijiji kizima iliingia ndani ya maji, ikakanyaga kingo, ikakojoa. Kila asubuhi lori la kambi lilikuja kujaza mapipa, pamoja na mpishi wao, mtu wa kando ya Mto Tana aliyejua Kisomali cha sokoni. Huko mbali madimbwi yalijaa, yakakaa, yakakauka bila kunywewa na ng'ombe hata mmoja.

Kiangazi hakikufika nusu, silanga likawa tope. Mama na mimi tulimvuta ng'ombe wetu mweupe kwa mkia tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alifia pale pale, macho wazi. Mwanamke wa boma la jirani alikuwa akikwangua tope kwa bakuli. "Mleteni msomi wetu," alisema, "azungumze naye Kiswahili, labda atainuka." Hakuna aliyecheka. Kati ya wale kumi na wanne walibaki watatu.

Siku moja lori lilikuja, mapipa yakalia matupu. Mkuu mwenyewe alishuka. "Muulize mzee maji yamekwenda wapi."

Adeer aliinama, akachukua bonge kutoka chini ya silanga, akalivunja. Vumbi lilianguka kwenye viatu vya afande. "Mwambie aliyanywa wakati wa mvua. Nilimpa njia, nikajitoa na mwili wangu, akakataa kila neno."

"Anasema," nikasema, "mvua ilikuwa ndogo."

Adeer alikuwa ameishi kando ya kambi muda wa kutosha kujua neno mvua na neno ndogo. Alinitazama kidogo. Kisha akamgeukia mpishi, akaanza upya, polepole: madimbwi ya mbali, askari wa kufuata ng'ombe, yeye mwenyewe kukaa kambini. Mpishi alitafsiri kwa shida, akirudi nyuma, akiuliza tena, lakini hakuacha kitu.

Mkuu alisikiliza hadi mwisho. Sijui kama siku ile angekubali. Sitajua. Hakumtazama Adeer, alinitazama mimi.

"Nilikuuliza kama kuna neno lingine," alisema.

Mpishi alifungua kinywa amtafsirie mzee maneno hayo. Adeer hakungoja. Aliutazama uso wangu, akajifuta vumbi mkononi kwa kile kitambaa cha tope, akaondoka kwenda kumfungua ng'ombe wake wa mwisho.