Kutembea Mbele ya Maji

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa Uswisi, nimekaa kwenye ukumbi wa hoteli karibu na chungu kilichopandwa sale. Ni sale lilelile tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, na kwenye makaburi ya wazee. Wenzetu wameliweka kando ya lifti kama pambo. Nilikuwa bado nalishangaa simu ilipoita.

"Kikao cha ukoo kimekwisha," akasema. "Wameamua mfongo ufukiwe."

"Lini?"

"Watu wakianza kurudi kwa Krismasi. Wakiukuta una maji, unabaki. Wakiukuta mkavu, binamu yako anamwaga kifusi. Anataka gari lake lifike mlangoni."

Mfongo ni mfereji wa maji. Wetu unaanzia kwenye kijito ndani ya msitu, juu ya Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, unazunguka ubavu wa kilima na kupita kwenye vihamba vya ukoo kimoja baada ya kingine. Cha mwisho kabisa ni cha baba mdogo. Miaka michache nyuma mvua iling'oa ukingo wake wa saruji pale unapopita kwenye jabali, na tangu siku hiyo maji humwagikia korongoni. Wa juu hawakujali sana, wana bomba. Bomba la baba mdogo hutoa maji linapojisikia. Kiangazi humkuta na ndoo mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, akimtafutia maji ng'ombe wake, na migomba inabaki kujipigania yenyewe. Mfongo ukifukiwa, yule mzee angebaki na uwanja wa vumbi badala ya kihamba.

"Nakuja, baba," nikamwambia. "Nitakuja tuufungue."

"Wewe kuja unajua. Kukaa ndiyo hujui."

Alisema kweli. Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa na kuchambua kahawa, nimeishia kidato cha nne, na kazi hii imenizungusha kuliko nilivyotarajia. Kampuni ikinunua mashine mpya, natumwa huko ilikotengenezwa nikajifunze kuifungua na kuifunga. Jioni wenzangu huenda madukani. Mimi huuliza mlima uko upande gani. Addis nilipanda hadi Entoto nikiwa na viatu vya ofisini. Nairobi niliwatoroka wenyeji wetu na chakula chao, nikaenda kutembea Ngong, upepo ukachukua kofia yangu hadi leo. Kigali sikumbuki tena kiwanda kilivyokuwa, ila vilima vyake ningeweza kukuchorea.

Nadhani miguu yangu ilizoeshwa vibaya. Utotoni nilishuka kutoka Uru kwenda shule mjini na kupanda tena jioni, na nusu ya njia ile mfongo ulikuwa pembeni yangu, ukizungumza. Harufu ya tope baridi na majani ya mgomba yaliyooza, hiyo ndiyo naitafuta kila ninakokwenda. Sikuwa nimeipata kwenye milima ya watu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mapumziko. Nikamwamsha mwenzangu wa kazini niliyesafiri naye. Wazazi wake ni wa Singida, lakini yeye amezaliwa na kukulia kwenye mashamba ya miwa, kule chini kusini mwa Moshi.

"Mangi," akasema kutoka ndani ya blanketi, maana ndivyo anavyomwita kila Mchaga, "mtu mzima unapanda treni kwenda kuona mlima, na kwenu kuna mlima ambao hawa wanakata tiketi ya ndege kuja kuuona?"

"Ule nauona kutoka nyumbani kwangu Soweto, Moshi, kila asubuhi. Huu sijauona."

"Wewe utaniua kwa baridi."

Alikuja, maana hakutaka kubaki peke yake na watu asiojua lugha yao. Tulishuka kituo kidogo, tukafuata vibao vya njano vya wapanda milima. Njia ilipanda katikati ya mashamba ya mizabibu yaliyoanza kupukutisha majani, ikakunja kona, nami nikasimama. Kando ya njia palikuwa na mfongo.

Sijui niuite nini kingine. Upana wake ni hatua moja ya mtoto, ukingo wa majani na mawe, maji yakienda taratibu kwa mteremko ule wa kudanganya macho, unaofanya yaonekane kama yanapanda. Njia ya watalii ilikuwa ndiyo njia ya wachunga maji. Na harufu ilikuwa yenyewe.

Majani makavu yalikuwa yameziba mahali. Kwetu hupiti kwenye mfongo ulioziba ukaendelea na safari. Nikainama nikayazoa kwa mikono. Mbele kidogo nikaona kibao cha kuzuia maji kimeinuliwa, nusu ya maji yanaingia kwenye shamba la mtu na hakuna mtu. Nikajua kimesahaulika. Nikakirudisha.

"Mangi, acha vitu vya watu."

"Maji yanapotea bure."

"Yanapotea kwenu?"

Hatukwenda mbali. Mzee mmoja alipanda kutoka shambani, buti za mpira miguuni, jembe begani, akifoka. Sikuelewa neno hata moja, na nilielewa yote. Ilikuwa zamu yake ya maji, nami nilikuwa nimeikata. Hasira ile naijua. Kwetu watu wa ukoo mmoja wamenyimana mkono kwa ajili yake.

"Nilisema," mwenzangu akanong'ona. "Sasa msamaha tutauomba kwa lugha gani?"

Nyumbani ningekata jani la sale, alama yetu ya kuomba radhi, nikampa mkononi, naye asingeweza kulikataa. Sale lilikuwa hotelini, kwenye chungu. Nikainua kibao chake, nikavua kofia. Nikaonyesha maji, nikajionyesha mimi, nikafanya kama mtu anayelima mtaro. "Kilimanjaro," nikasema. Mzee akatazama mikono yangu. Ilikuwa na tope hadi viwikoni, na majani yaliyooza yamenishika kwenye saa. Akashusha jembe. Akatazama maji yakirudi shambani kwake, kisha akatuita kwa kichwa tumfuate.

Alitupeleka hadi mahali ambapo mlima unakatika wima. Pale mfongo haukuwa na ardhi ya kupita. Maji yalivuka jabali ndani ya mfereji wa mbao ulioegemea mikono ya chuma iliyochimbiwa kwenye mwamba, na pembeni ubao mmoja wa kukanyaga.

Mwenzangu aliketi chini palepale. "Mimi hapo siendi. Mama yangu bado ananihitaji."

Mimi nilikwenda. Nilipima kwa viganja umbali kati ya chuma na chuma. Nilichungulia walivyoziba maungio ya mbao. Nililala kifudifudi nikapiga picha kwa chini, mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na milima ya theluji ambayo watu hutoka mbali kuja kuitazama, na sina picha yake hata moja.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilipanda Uru.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Picha."

"Picha hailiwi," akasema, lakini akachukua simu na kuisogeza mbali na macho. Kisha akauliza, "Nani kakupigia picha ya jabali letu?"

"Hili la Uswisi."

"Acha mchezo. Kabla ya saruji pale palilala gogo limechimbwa katikati, hivi hivi. Babu yako ndiye aliyelilaza. Yaani umepanda ndege kwenda kuona gogo la babu yako!" Alicheka hadi akakohoa. Alipomaliza akafuta macho. "Haya, nani atalilaza sasa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Leo tunapima. Jumamosi ijayo tunaanza."

"Na Jumamosi zinazofuata?"

"Nitakuwa hapa."

Alichukua panga na fimbo, akatangulia.

Siku ile ndiyo nilifika kwenye banio la mfongo wetu kwa mara ya kwanza maishani, pale maji yanapoachana na kijito. Nimepanda vilima vya mataifa, na hapa sikuwa nimewahi kufika. Baba mdogo alitembea polepole, akinionyesha kwa fimbo kila mahali palipohitaji jembe. Kwenye jabali, vipande vya saruji vilining'inia juu ya korongo. Tulipima pengo kwa kamba ya ng'ombe.

Mgrevilea tuliukata kihambani kwake, tukaupasua mbao. Vyuma niliviomba kwenye lundo la mashine zilizokufa pale kazini, nikavichomelea kila jioni baada ya zamu. Mwenzangu alisaidia kuvipandisha, akihema na kutukana kwa adabu.

"Nyie wa juu mnatufungia maji miaka yote, sisi kule chini na watu wa Kahe tunagombania matope. Leo mnanibebesha chuma nikawafungulie!"

"Beba, kaka. Yakitushinda yatafika kwenu."

Binamu yangu alitukuta njiani, ufunguo wa gari ukizunguka kidoleni. Si mtu mbaya. Mwaka uliopita alimbeba mama yake mgongoni kutoka barabara kubwa hadi nyumbani, kwenye utelezi, na hajausahau uzito ule.

"Kaka, unajichosha. Kifusi nimeshaagiza."

"Agiza. Mimi naendelea."

Kutoboa jabali kulituchosha kuliko yote. Nilifunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye mti, na aliyeishika katikati alikuwa yuleyule aliyeketi chini Uswisi. Alifumba macho akaivuta. "Ukianguka nimwambie nini shemeji?"

"Mwambie ndiyo niko njiani."

Jumamosi moja mvua iliturudisha. Nyingine tulijaribu maji, yakavuja kila ungio, nikashuka hadi Soweto nimelowa. Wiki iliyofuata nikarudi. Baba mdogo alikuwa ameketi juu ya jiwe akisokota nyuzi za mgomba, pembeni ameweka udongo wa mfinyanzi. Tuliziba ungio moja moja, kutwa nzima.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, mjini namba za magari ya Dar zilikuwa zimeshaanza kuonekana. Mwenzangu alibaki kulinda jabali. Baba mdogo alikwenda kwenye banio afungue kwa mkono wake, nami nikashuka mfongo na jembe, nikiyasubiri maji niyatangulie.

Hakuna njia niliyowahi kutembea kama ile. Maji ya kwanza hayana haraka. Yanakuja yamesukuma povu, vijiti na majani, yanasimama kunywesha ardhi, yanaanza tena. Mimi mbele nafagia, yenyewe nyuma yananifuata visigino. Wake wa ukoo walitoka vihambani kutazama, mmoja akapiga vigelegele, mwingine akasema, "Ataishia hapo kwa binamu yake."

Kweli. Kwa binamu kifusi kilikuwa kimeshamwagwa, kimelala katikati ya mfongo kama ng'ombe aliyegoma. Maji yalikifikia, yakatafuta pa kupita, yakaanza kutambaa uani kuelekea matairi ya gari. Nikaanza kuchimba. Binamu akatoka.

"Umemwaga mapema," nikasema bila kusimama.

"Lori lilipatikana jana."

"Na maji yamepatikana leo."

Alitazama matairi. "Sasa mama atafikaje mlangoni? Nimbebe tena?"

"Nitakuchomelea daraja la chuma. Gari lipite juu, maji chini."

"Kabla ya Krismasi?"

"Kesho nalianza."

Alijua nimekuja Jumamosi zote. Akaingia ndani, akarudi na chepe, akaanza kuchimba upande wa pili wa kifusi. Hakutabasamu, wala sikumwomba atabasamu.

Jua lilikuwa limeanza kulala maji yalipoingia kihamba cha mwisho. Yalizunguka mgomba wa kwanza, yakazama, yakauendea wa pili. Ng'ombe akanyanyua kichwa. Nikampigia baba mdogo, aliyekuwa bado kule juu msituni, kwenye banio.

"Yamefika?" akauliza kabla sijasalimu.

"Yamefika."

Nilisikia kijito nyuma yake. "Ya rangi gani?"

"Ya tope."

"Basi ni yetu," akasema. "Leo usiyanywe. Na usiondoke, nashuka."