Kiingereza cha Chunya

Kila nikisikia mtu akilalamika kwamba Kiingereza cha vijana kimeshuka, hasira hunipanda. Kilishuka lini? Nilipokuwa mwalimu kijana, miaka ya hamsini, tayari kilikuwa kimeshuka, na lawama nilibebeshwa mimi. Wazee wa wakati huo nao walidai cha enzi zao kilikuwa bora. Sijawahi kukutana na mtu aliyeishi wakati Kiingereza kiko juu.

Nilizaliwa Iringa, kwa Wahehe, nikasomea ualimu hukohuko kwenye chuo cha misheni. Tulifundishwa Kiingereza cha kusimama wima: sentensi inamalizwa, mdomo unafunguliwa kiasi, na neno la mtaani haliingii. Nilikipenda kupita kiasi. Kisha nikaolewa na Mnyakyusa, dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya Mbeya, akanipeleka kwao milimani, upande wa Rungwe, nikae na wazazi wake huku yeye akibaki mjini na kuja Jumamosi. Basi lilitupitisha Mafinga na Igawa, na njia nzima nilikuwa nacheka. Ningejua yanayonisubiri, ningelala.

Hapo nyumbani hakuna aliyenionea. Nilifungwa na heshima. Kwa Wanyakyusa, mke hamwoni baba mkwe wake. Akisikia anakuja, huacha njia, huchuchumaa mgombani na kujifunika kanga usoni mpaka apite. Hamsemeshi, hatamki jina lake, haingii alipo. Kwetu Iringa mkwe huheshimiwa sana, ila watu husalimiana. Hapa nilijifunza kukitambua kikohozi chake na kishindo cha fimbo yake. Njia zote pale uani zilikuwa zake, mimi nilipita pembeni. Mwaka ulipita bila mimi kuuona uso wake, na mtu niliyekula chakula chake kila siku nilimjua kwa visigino.

Shule ndiko nilikopata pumzi. Ilikuwa shule ya kati ya misheni, karibu na nyumbani, na nilikuwa kwenye majaribio: mkaguzi akiridhika, nathibitishwa, asiporidhika, narudi kulima na mama mkwe. Darasani nilisema kwa sauti na kutazama watu machoni. Kitu kimoja tu kilinikera. Watoto walikuja na Kiingereza cha baba zao, waliokiokota kwenye machimbo ya dhahabu kule Chunya, na wengine migodini Rhodesia. Kilikuwa cha kuamrisha na kutukana, hakina kichwa wala miguu, na "okei" kila wakivuta pumzi. Nilikifyeka. Aliyesema "okei" alisimama nyuma ya darasa mpaka kengele.

Baba mkwe wangu alikuwa nyapara huko Chunya, kwa wachimbaji Wazungu, na sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Siku za ukaguzi wanakamati hawakuingia darasani. Walikaa nje kwenye benchi wakisubiri chai, nami nilitegemea hilo.

Safari hii mkaguzi, Mzungu mwenye adabu nyingi, aliwakuta wazee nje kwenye baridi akaona ni aibu. Akawashika mkono na kuwaingiza darasani kwangu wote. Baba mkwe angekataaje? Angemwambia mgeni kwamba anamkimbia mke wa mwanawe? Mwalimu mkuu aliijua mila vizuri, lakini alikuwa amekwisha kumhakikishia mkaguzi huyohuyo kwamba Wakristo wa hapa wameiacha. Akaanza kutazama viatu vyake.

Mlango ulikuwa mmoja, na baba mkwe ndiye aliyesimama hapo. Nilichuchumaa nyuma ya meza, kanga usoni, chaki mkononi. Watoto wote waliinamisha vichwa, maana walielewa. Mkaguzi akauliza kama naumwa. Sikuweza kumjibu, kwa sababu sauti yangu ingemfikia mkwe. Nikisema, nimemvunjia mzee heshima mbele ya kijiji. Nikinyamaza, kazi imekwenda.

Kikohozi kile kikasikika, halafu sauti yake, kwa Kiingereza. Alikuwa amegeukia ukuta. Ukikiweka kwa Kiswahili, kilikuwa hivi:

"Wewe, fundisha. Hapana ogopa. Kizungu hapana mkwe."

Akaongeza tusi dogo la wachimbaji, nadhani bila kujua kuwa ni tusi. Watoto wakabana vicheko.

Nilielewa mara moja alichokifanya. Mila iliwekwa kabla Mzungu hajafika, na haikusema lolote kuhusu lugha yake. Kinyakyusa tulikatazwa, Kiswahili kingetutia haya, lakini Kiingereza kilikuwa uwanja usio na mwenyewe. Nikasimama, nikampa mgongo naye akinipa wake, nikamuuliza kwa lugha ileile:

"Kweli, wewe hapana kasirika?"

"Hapana kasirika. Piga kazi."

Nikaanza somo kwa Kiingereza changu cha Iringa. Sentensi chache tu, kwa jicho la pembeni nikaona mabega yake yamekakamaa. Hakuelewa neno. Lugha aliyoifungulia mlango haikuwa ile. Alichosikia ni sauti ya mke wa mwanawe ikijaa chumbani, pengine ikimsema yeye. Aliinua mguu kutaka kutoka, na wazee wenzake wakageuka kumtazama. Nikarudi haraka kwenye Kiingereza cha Chunya, na mabega yakashuka.

Nikabaki humo. Somo zima, habari ya safari ya sokoni, nililifundisha kwa Kiingereza nilichokuwa nikiwaadhibia watoto. Walishangaa kidogo, kisha wakafunguka. Waliokuwa wakijificha nyuma tangu nilipoanza kazi walinyoosha mikono. Walibishana bei ya ndizi, wakataniana, wakaulizana. Sijawahi tena kusikia darasa likisema Kiingereza kingi hivyo, na nilitamani kulia, kwa sababu nilijua kila neno lilikuwa linanizika.

Mkaguzi aliandika bila kuinua kichwa. Baadaye, ofisini, alinieleza kwa upole kwamba anasikitika, hatanithibitisha. Alikuwa akisikia kwamba Kiingereza kinashuka katika nyanda hizi, na leo amekiona chanzo. Nilijitetea kwa Kiingereza safi kabisa, kila sentensi mahali pake. Akatikisa kichwa. Alidhani nimekariri. Alipoingia garini alimwambia dereva wake, "Okei," wakaondoka.

"Mwalimu, si ungefundisha kawaida tu," mwalimu mkuu akaniambia.

"Na wewe si ungemwambia ukweli," nikamjibu, na hatukusemeshana tena.

Nyumbani habari ilinitangulia. Mama mkwe aliniita jikoni, akanikalisha, akaendelea kupuliza moto.

"Wewe mwana, nasikia umesema na baba."

"Ndiyo, mama."

"Mmesema maneno gani?"

"Ya Kizungu, mama."

Akafikiri. "Kizungu si maneno," akasema. "Hakuna kosa." Kisha akanionyesha jembe lililoegemea ukuta, maana na habari ya kazi yangu ilikuwa imemfikia. Sikumchukia. Lakini nililitazama lile jembe nikahisi ukuta wa jiko unanisogelea.

Jioni nilikuwa mgombani napalilia. Nikasikia hatua, nikachuchumaa, nikajifunika. Hatua zikasimama upande wa pili wa migomba. Kwa Kiingereza chake akaniuliza kama kesho naenda shule, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyemtendea mwenzake jambo kubwa. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia kwamba kazi sina tena.

Kichwani nilikuwa na sentensi ndefu, nzuri, za kueleza uchungu wangu na shukrani zangu. Hata moja asingeielewa.

"Finishi," nikasema.

Hilo alilielewa. Ndilo neno ambalo Wazungu wa Chunya walimwambia mtu wakimfukuza kazi, wala hawakuongeza jingine. Nikasikia panga alilokuja nalo likidondoka kwenye majani. Akauliza, taratibu:

"Sababu mimi?"

Nilitafuta jibu. Kiingereza cha Chunya hakikuwa na neno la kumwondolea mtu lawama, na changu asingekielewa. Lugha nyingine zote tulikatazwa. Nilikaa hapo chini ya kanga, mdomo wazi, mpaka nikasikia visigino vyake vikiondoka.