Gitaa la Miguu Minne Nililolitambua Kiirua

Kwaya yetu ya Ruiri ilinituma Kiirua kukagua gitaa la mitumba kabla halijanunuliwa. Ningekosea, tungeenda mashindanoni na meza. Wenzangu walikuwa wameliona na miguu yake minne, wakadhani ni meza ya kupigia pasi. Mimi husikiliza nyimbo za kantri kila jioni. Niligusa nyuzi mara moja nikajua: ndilo lile linalopigwa likiwa limelala, linalolia katika nyimbo hizo redioni. Nilijivuna, sikatai, na hata leo najivuna kidogo.

Lakini chini yake palining'inia pedali na vyuma virefu. Mama Kawira, mwenye duka, huuza pia cherehani kuukuu, nami sipendi kuondoka na cha mtu. Nikaazima spana, nikazifungua zote, nikampelekea kwenye kaunta.

"Mama, hizi ni za cherehani yako. Nisije nikakudhulumu."

Akaziangalia, kisha akaniangalia. "Wewe ndiwe yule ambaye kwaya ilisema analijua gitaa hili?"

"Ndimi, mama."

"Marehemu mzee wangu alilipiga miaka mingi, na hizo ndizo alizokuwa akikanyaga ili lilie." Akawageukia wateja. "Mpisheni mjuzi, anataka kuzirudisha kwenye gitaa."